Mashine Mbili Zikikubaliana

Mvara, Arua
Jumatatu, 2 Juni 2025

Mdogo wangu Moris,

Habari za Koboko? Nakuandikia kwa sababu simu yako haiingii, leo siku ya tano. Karatasi ikinuka dizeli usinilaumu mimi, mlaumu Amandu anayetuletea mafuta. Anaifunga pamoja na madumu ya jenereta kana kwamba barua nayo inawasha mashine.

Sina maneno mengi. Kutoka hapa naona diski ya Koboko imejaa asilimia themanini na nne. Wiki iliyopita ilikuwa sabini na nane. Umeisafisha lini mara ya mwisho? Mashine zetu zinaandika kila jambo: nani ameita gari la wagonjwa, amepewa lipi, gari liko wapi kila baada ya sekunde chache. Halafu kila mara zinapiga picha ya hali yote ilivyo. Hazijifutii zenyewe, ndiyo maana tumeajiriwa sisi. Unajua haya yote, lakini leo nakufundisha kama mtoto wa darasa la kwanza: bakiza picha tatu za mwisho na madaftari yaliyoandikwa baada yake, mengine yote futa. Kisha jaza fomu, tia sahihi, mpe Amandu. Ningekufanyia mwenyewe kutoka huku, lakini tangu Machi ofisi imekataza mtu kufuta ya mwenzake kwa mbali.

Usichelewe, maana hatuko watatu tena. Mashine ya Inde ilipigwa na radi, na Santo anayeisimamia amekwenda kuitafutia fundi. Zikiwa tatu, moja ikilala, mbili zilizobaki zinakubaliana na kazi inaendelea. Sasa ni yangu na yako tu. Yako ikijaa itasimama, na yangu peke yake haiwezi kuamua hata jambo dogo. Magari yote mawili yatakaa, na kliniki kumi na moja zitabonyeza bila kujibiwa. Madereva nao wamekatazwa kuondoka kwa maneno ya simu, tangu zile kliniki mbili zilipogombania gari moja barabarani. Bila mashine hawawashi injini.

Nimewahi kuona diski iliyojaa kwa macho yangu. Sitaki kuiona tena.

Najua mambo ya Machi bado yanakuuma. Mungu akutie nguvu. Lakini futa.

Dada yako,
Eyotaru


Koboko
Jumatano, 4 Juni 2025

Dada Eyotaru, afande wangu,

Salamu nyingi. Nimefanya ulivyoagiza. Fomu hii hapa, imetiwa sahihi.

Simu nimeizima mwenyewe. Ndugu za Yakani walikuwa wananipigia asubuhi, wananipigia nikila, na wakishika laini hawasemi neno, nasikia pumzi tu. Yakani unamkumbuka, mume wa marehemu Sandra, aliyetokwa na damu hapa kwetu kliniki tarehe 14 Machi baada ya kujifungua. Ni mimi niliyemwambia Yakani kwa mdomo wangu kwamba gari linakuja. Alikaa nje saa mbili nzima akitazama barabara ya Arua, na mimi kila nikipita nilikuwa namwambia bado kidogo, bado kidogo.

Sasa kila asubuhi nikifungua lango la nyumbani namkuta ng'ambo ya barabara, amekaa juu ya pikipiki yake. Haniamkii, hanitukani. Ananitazama mpaka nimefika kazini. Jana ndiyo mara ya kwanza alifungua mdomo. Alisema ofisi imemwambia mashine ya Arua na ya Inde zote hazina habari ya mimi kuita gari siku ile. Kisha akasema, "Mashine mbili inasema hukuita. Mimi iko nauliza wewe. Uliita?"

Nikamjibu niliita. Akawasha pikipiki akaenda zake.

Ukoo wake umeitisha kikao Jumamosi ya tarehe 21, na mimi nitakalishwa mbele. Kaka zake watatu wametoka jeshini, dada, si watu wa maneno mengi. Juliet wangu na watoto nimewapeleka kwa shangazi yake huko Awindiri. Nalala na viatu miguuni.

Nakuomba jambo moja. Tazama daftari la Arua la siku ile, kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Niambie kuna nini. Kuna siku nawaza labda kweli sikubonyeza. Labda nilikimbia kumshikia nesi Helen taa, nikadhani nimebonyeza. Mtu akiambiwa na wengi kwamba hakufanya, mwisho anaanza kuuchunguza mkono wake mwenyewe.

Wako,
Moris Soka


Mvara, Arua
Ijumaa, 6 Juni 2025

Moris,

Usinipige chenga. Fomu inasema umesafisha, diski inasema asilimia themanini na saba. Diski iliyosafishwa haipandi. Fomu yako nimeiweka kwenye droo, sijaipeleka ofisini, maana ningeipeleka ungekuwa umekwisha kazi leo hii. Mtu anayetia sahihi kazi ambayo hajafanya anaua watu, na anaua bila kuwaona.

Homa imeanza. Jana tulikuwa na maombi kumi na tisa ya gari, na kila ombi linaongeza maandishi. Kwa hesabu yangu una siku nane, tisa ukibahatika.

Kuhusu siku ile, nimetazama. Daftari la Arua halina ombi lako. La Inde halina. Ndivyo ofisi ilivyomwambia Yakani na mimi sina la kuongeza. Labda ni kama unavyosema mwenyewe, ulikuwa na haraka, ukadhani. Hakuna atakayekulaumu kwa kuchanganyikiwa wakati mama anatokwa na damu mbele yako. Kwenye kikao ungama hivyo, omba radhi, watu wa Koboko wana huruma kwa mtu anayeinamisha kichwa. Usiendelee kufukua.

Na ufute, Moris. Leo.

Eyotaru


Koboko
Jumatatu, 9 Juni 2025

Dada Eyotaru,

Ni kweli nilikudanganya. Sikufuta, na tangu Machi sijafuta hata faili moja. Kabla hujanikasirikia nisikilize.

Baba yangu alikuwa askari. Walipokimbilia Sudan mwaka wa themanini, watu walibeba magodoro na sufuria, yeye alibeba sanduku la bati lenye karatasi. Mama alimwona mwendawazimu. Miaka mingi baadaye walipoitwa askari wa zamani, baba alifungua sanduku akasimama kwenye mstari wa wanaotambuliwa. Kaka yake alikuwa amechoma zake kwa kuogopa vizuizi vya barabarani. Walihudumu kambi moja, chumba kimoja, na ofisa akamwambia baba mdogo hajawahi kuwa askari. Alikufa akiitwa mwongo. Sisi watoto wa pale tulikatazwa kuchana hata risiti ya sukari. Kwa hiyo siku Sandra alipofariki, kitu cha kwanza ulichofanya mkono wangu ni kuzuia usafishaji. Hata sikufikiri.

Barua yako ya Ijumaa ilinitia hofu. Ukaniambia labda nilidhani tu. Basi nikafungua mashine nikatafuta, jambo nililoogopa kulifanya tangu Machi, na nimekuta, dada. Daftari la tarehe 14 Machi, saa nne na dakika kumi na moja: Koboko inaomba gari. Mstari unaofuata: imekubaliwa, gari la pili limepewa Koboko. Nimelia kama mtoto. Nesi Helen alidhani nimefiwa.

Sasa nakuuliza. Mashine haiwezi kuandika "imekubaliwa" peke yake. Lazima mbili zikubaliane. Asubuhi ile Inde ilikuwa imezima, mafuta yalikwisha, Santo mwenyewe anakumbuka. Basi iliyokubaliana na yangu ni yako. Arua iliandika. Maandishi ya Arua yamekwenda wapi?

Ofisi nimewapigia kwa simu ya Helen. Picha ya skrini hawaitaki, wanasema hata mtoto anaweza kuitengeneza. Lakini mtaalamu anakuja Ijumaa tarehe 20 na diski mpya kubwa, atasoma ya zamani yeye mwenyewe. Sharti lake ni moja: mfululizo wote kutoka Machi hadi siku hiyo uwe kamili. Pakikatika hata siku moja, hakuna ushahidi. Atamaliza Ijumaa na Jumamosi ndiyo kikao. Kwa hiyo sifuti. Diski iko tisini. Nitaomba Mungu na nitaihesabu kila saa.

Na lingine. Barua ya kwanza ulisema umewahi kuona diski iliyojaa kwa macho yako. Uliiona wapi?

Moris


Mvara, Arua
Jumatano, 11 Juni 2025

Moris,

Tisini na tatu.

Nimeisoma barua yako mara nne. Nafurahi umepata unachotafuta. Sasa nisikilize kama mkubwa wako wa kazi. Siku tisa zimebaki mpaka tarehe 20, na diski yako haina siku tisa. Ina tatu. Si maneno yangu, ni hesabu. Kuna maombi ishirini na mbili leo na jua bado halijazama. Ikisimama katikati ya ombi, kuna mtu huko nje atakayeambiwa bado kidogo, bado kidogo. Wewe unajua kuliko mimi maneno hayo yana uzito gani.

Siku ile umeme ulikatika hapa Mvara. Mashine ilizimika ghafla na ilipowaka maandishi mengine yalikuwa yamepotea. Ndivyo nilivyoiambia ofisi na ndivyo ilivyo. Mimi si mchawi wa umeme.

Futa, nakuamuru. Ukikataa nitaandika ripoti, waje wakuondoe kwenye mashine. Sitaki kufanya hivyo. Nina watoto wawili wanaosoma hapa misheni, baba yao alishatangulia, kazi hii ndiyo inayotushikilia. Wewe nawe una Juliet na watoto. Kwa nini tuvunjane wakati aliyekufa ameshakufa? Hilo la mwisho nisamehe, sikupaswa kuliandika. Nimelala vibaya. Nikisinzia naona ile namba inapanda.

Swali lako la mwisho hukuliuliza vizuri, na mimi sijalijibu vizuri. Tuishie hapo.

Eyotaru


Koboko
Ijumaa, 13 Juni 2025

Dada Eyotaru,

Fomu hii hapa. Safari hii ni ya kweli.

Asubuhi ilikuwa tisini na tisa nikasema itafika jioni. Saa saba mchana akaingia mama mmoja kutoka njia ya mpakani, simjui, amebeba mtoto wa miaka miwili au mitatu anayetetemeka kwa degedege. Helen alimpa dawa, hakutulia. Akaniambia huyu aende Arua sasa hivi. Nikabonyeza. Skrini ikasema hakuna nafasi ya kuandika, na mashine ikasimama.

Nataka ujue nilichofanya, kwa sababu nimejificha kwako mara moja na sitaki tena. Sikufuta mara moja. Nilikaa pale mkono kwenye meza. Niliwaza labda nibane kitu kingine, labda nifute siku moja tu ya katikati, mtaalamu hataona. Niliwaza mtoto labda atatulia mwenyewe. Ndiyo, niliwaza hivyo, mtoto yuko mlangoni nasikia meno yake yanagongana. Yule mama hakulia. Alinitazama tu, alinitazama kama Yakani alivyonitazama siku ile, akingoja niseme gari linakuja.

Nikafuta. Machi, Aprili, Mei, yote. Nikabakiza picha tatu na madaftari yake kama ulivyonifundisha. Nikaiwasha. Ilichukua dakika sita na kila dakika niliiona. Ikashikana na yako, nikabonyeza, ikakubaliwa, na safari hii sikusema linakuja mpaka niliposikia ving'ora nje. Mtoto yuko Arua. Helen amepiga simu, wanasema anapumua vizuri.

Diski iko ishirini na mbili kwa mia. Unaweza kulala.

Mimi sasa sina kitu. Jumamosi ijayo nitakaa mbele ya kaka zake Yakani, na nikisema niliita nitakuwa kama baba yangu mdogo. Mzee mmoja wa ukoo wao alinipitia jana kunishauri nisije, nivuke mpaka usiku nikae kwa ndugu zetu Yei mpaka wapoe. Nikivuka nimekubali kwamba sikuita. Nikibaki naogopa. Naogopa sana, dada.

Sikuulizi tena uliiona wapi diski iliyojaa. Kwa yale yaliyoandikwa saa nne na dakika kumi na moja, duniani pote tumebaki watu wawili tunaojua, mimi na wewe. Mimi nikisema nipo peke yangu.

Moris


Mvara, Arua
Jumatatu, 16 Juni 2025

Moris,

Usivuke mpaka. Karatasi iliyo chini ya hii si yako. Mpelekee Yakani kabla jua halijazama, mbele ya mtu mwingine, na kama hataki kuishika kutoka mkononi mwako, mpe Helen amsomee. Nakala nyingine Amandu ameipeleka ofisini, nimemwona akiondoka nayo.

Nisamehe kwa barua ya tarehe 6. Zile nyingine zilikuwa woga tu, lakini kwa ile ya tarehe 6 nilitaka usijiamini.

Eyotaru


Kwa Yakani, mume wa marehemu Sandra, na kwa kaka zako

Mimi naitwa Eyotaru. Ninasimamia mashine ya Arua inayogawa magari ya wagonjwa. Hatujaonana. Ninaandika kwa mkono wangu, na hakuna aliyenilazimisha.

Moris Soka aliita gari kwa ajili ya mkeo tarehe 14 Machi, saa nne na dakika kumi na moja asubuhi. Mashine yake na yangu ziliandika na zikakubaliana. Gari la pili lilikuwa la Sandra. Alipokuambia linakuja, alikuambia kweli.

Dakika nne baadaye mashine yangu ilisimama kwa sababu diski yake ilijaa. Ilijaa kwa uvivu wangu. Wiki sita nilikuwa natia sahihi fomu kwamba nimeisafisha, na sikuwa nimeisafisha. Ilipogoma nilipatwa na kiwewe, kwa kuwa kliniki zote zilikuwa zinaita. Nilitakiwa kufuta ya zamani na kubakiza ya mwisho. Mimi nilifuta vyote kwa pamoja, na ombi la Sandra ndani yake, kabla halijamfikia dereva. Nikaiwasha ikiwa tupu. Wakati huohuo mashine ya Inde ikawaka, nayo haikujua kitu kwa sababu asubuhi yote ilikuwa imezima. Mvua ilikuwa imekata laini ya Koboko. Basi mashine mbili zisizojua zikakubaliana kwamba gari liko huru, na likapelekwa Inde kumchukua mtu aliyevunjika mkono.

Laini iliporudi saa sita, mashine ya Koboko ilisema gari ni la Koboko. Mbili zikaikatalia, ikalazimika kuzifuata, ingawa daftari lake la mwanzo lilibaki. Nililiona hilo kwenye skrini kwa macho yangu. Nilielewa palepale nilichofanya, na nikanyamaza. Ofisi niliiambia umeme ulikatika. Umeme haukukatika.

Tangu siku ile sijawahi kusikia pikipiki ikisimama mlangoni kwangu bila moyo kushtuka. Nilijua siku moja utakuwa wewe. Badala yake ulikuwa unasimama kwa Moris, na mimi nilijua, na niliona afadhali.

Siombi mnisamehe, sijafika huko. Naomba mtu huyu mumwache. Ijumaa iliyopita alikuwa na ushahidi wake wote ndani ya mashine, akaufuta mwenyewe ili mtoto wa mtu asiyemjua apate gari. Mimi ningekuwa yeye, sijui. Kusema kweli, najua.

Jumamosi nitakuja Koboko. Watoto nimewaacha kwa dada yangu. Naogopa, na nitakuja nikiogopa. Kile kiti mlichomwekea Moris mbele ya watu, msikiondoe. Nitakikalia mimi.

Eyotaru